Mheshimiwa Aliyetaka Vita Visimame

Sisi Wazanzibari wa mtaa ule tulikuwa tukimwita Mheshimiwa, na mwenyewe jina hilo hakulipenda hata kidogo. Aliniuliza siku moja maana yake nini, nikamwambia ni mtu anayestahiki heshima. Akakunja uso. Akasema heshima apewe daktari wa meno, yeye ni mbunge tu, kapigiwa kura na watu ambao wengi wao hata sura yake hawaijui. Nikaendelea kumwita hivyo hivyo miaka kumi na minane. Jina lake la kweli lilinishinda kulitamka, na ukaidi wake ulinishinda kuuzoea, basi na yeye nilimwachia hilo moja limshinde.

Nilikuwa karani wake. Ofisi ilikuwa juu ya duka la miwani, upande wa mashariki wa Landani, vyumba viwili na choo kisichofungika mlango. Nilipokea simu, nilifungua barua, na kila Ijumaa alasiri niliwapanga watu waliokuja kumuona: huyu nyumba inavuja, huyu viza imekwama, huyu kaunsili ya mtaa imemwandikia barua haielewi. Na kwa kuwa mtaa ulikuwa na watu wetu wengi, Wazanzibari, Wakenya, Wakongo wa huku na huku, nikawa pia ulimi wao.

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, na huyu sitamsifu kupita kiasi. Alikuwa bahili wa joto. Hita ya ofisi haikuwashwa mpaka mwezi wa Novemba umalizike, na mimi nikikaa pale na koti na mtandio na soksi mbili, yeye kakunja mikono ya shati kama mtu anayechimba mtaro. Ati watu wakipata joto wanakaa sana. Alikula mandazi yangu kila Ijumaa bila ya kusema ahsante na kuacha makombo juu ya mafaili ya watu. Ilimchukua miaka mingi kujua kwamba nina watoto, na alipojua aliniuliza wana umri gani, kisha hakungoja jibu, simu ikalia akaenda zake.

Na alikuwa hana haya ya kumkatiza mtu. Anakuja mama wa watu analia, anasema maisha yamekuwa magumu, dunia imemgeuka, yeye anainua kidole. "Niambie kilichotokea. Nani, wapi, lini." Mara za mwanzo nilitamani ardhi inimeze. Baadaye nikaona anachokifanya na hicho kilichotokea. Barua zake zilikuwa fupi na hazina sifa hata moja, lakini zilikuwa na tarehe, namba ya mlango, jina la mtoto na dawa anayotumia, na kule zilikokwenda watu walikuwa wakizijibu. Alisema maneno makubwa ni rahisi kuyapuuza. Dirisha lililovunjika la mtu mwenye jina, hilo ni gumu kidogo.

Sasa hebu mchukue mtu wa namna hiyo umkutanishe na sisi. Bwana Haji, mzee wetu wa ghorofa ya tisa, alikuja kwa ajili ya lifti. Magoti yake mabovu na lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa zamani. Alivaa koti lake la Iddi. Akamuulizia Mheshimiwa hali, akamuulizia mkewe, akamuulizia kazi, akamwombea dua. Mheshimiwa akauliza lifti imeharibika tangu lini. Bwana Haji akatabasamu. "Mwambie si muda mrefu sana, tunashukuru, asijisumbue, najua ana shughuli." Mimi nikatafsiri kama nilivyosikia, na Mheshimiwa akaandika kitu kidogo kwenye karatasi akaita mtu mwengine. Walahi hatujafika mlangoni Bwana Haji akanigeukia. "Umemuona huyo? Anataka kusimamisha vita vya nchi za watu, lifti inamshinda. Miaka miwili nabebwa kama gunia."

Nilirudi ndani nikamwambia Mheshimiwa. Akaniuliza, "Kwa nini hakusema?"

"Kaona aibu. Kwetu mtu haendi kwa mgeni akammwagia shida zake siku ya kwanza."

"Watu wako hawalalamiki?"

"Wanalalamika sana. Ila si kwako."

Akachukua koti lake, akaenda hadi lile jengo, akapanda ngazi za ghorofa zote tisa kwa miguu na kushuka. Aliporudi pumzi zimemwishia, na ndipo aliponiambia neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo. Alisema, "Basi kuanzia sasa kazi yako ni hiyo, Salma. Wanachokisema nakisikia kwenye tafsiri. Wewe uniambie wasichokisema."

Na nilifanya. Kwa miaka na miaka nilikuwa nikimsubiri mtu atoke, kisha namwambia Mheshimiwa: huyu kasema mumewe yuko safarini, mumewe kamtoroka. Huyu kasema chakula kipo, mwangalie mtoto mikono yake. Hakukosea kuniamini. Lifti ya kina Bwana Haji ikatengenezwa, na Bwana Haji akaenda akisema kwa watu kwamba yeye ndiye aliyemkalia kooni Mheshimiwa.

Kuhusu vita nieleze vizuri, maana hapo ndipo watu walipomcheka. Miaka ya nyuma sana, kabla sijaanza kazi, aliwahi kupiga kura ya ndiyo kwa vita vingine, vya nchi nyengine. Aliniambia mwenyewe, siku ya mvua, tunabandika stempu. Waliambiwa itakuwa wiki chache. Alisema aliitikia ndiyo, akaenda kula chakula cha jioni, na chakula kilikuwa kitamu, na hicho ndicho anachokikumbuka zaidi. Hakusema anajuta. Lakini tangu hapo kila palipokuwa na vita na nchi yake ina mkono wake ndani, alisimama Bungeni kutaka visimame, na vita vya Yemen vilipokuja alivishikilia kuliko vyote.

Mtu huyo huyo alikuwa hasemi na jirani yake wa ukuta mmoja kwa miaka saba, sababu ya tawi la mti. Mkewe ndiye aliyenitobolea siri. Nikamtania: "Mheshimiwa, na kwako je, vita vinasimama lini?" Akajibu bila ya kuinua kichwa, "Yeye ndiye aliyeanza."

Niliwahi kwenda kumsikiliza, nikakaa juu kwenye viti vya wageni. Nilidhani nitaona ukumbi umefurika. Ulikuwa na watu kama kumi, wametawanyika kwenye viti vya kijani kama abiria wa basi la asubuhi, na mmoja wao alikuwa akipangusa miwani yake muda wote. Mheshimiwa akasimama. Alitaka pande zote mbili ziweke silaha chini. Alitaka bandari zifunguliwe chakula na dawa zipite. Alitaka nchi yake iache kuuza mabomu maadamu masoko na hospitali zinapigwa. Kisha akasema wanaohesabu maiti wanawahesabu waliofukuliwa kwenye kifusi tu, na hawamhesabu anayekufa kwa sababu duka la dawa limefungwa, au umeme hakuna na dawa yake inataka baridi. Hao nao vita vimewaua, alisema, na wapewe ulinzi kama wengine. Waziri akasimama, akamshukuru kwa moyo wake wa huruma, akasema serikali ina wasiwasi mkubwa, akakaa.

Tukatoka nje. Nikamuuliza, "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Na sasa?"

"Nitaomba tena."

Akaomba tena, na tena. Ikafika wenzake wakimuona anasimama wanajua wana muda wa kwenda kunywa chai.

Mimi sikucheka, kwa sababu dada yangu alikuwa kule Yemen. Mapinduzi yalitugawa. Baba yetu asili yake Hadhramaut, huko huko Yemen, na Unguja ilipotushinda aliondoka na dada yangu, ambaye alikuwa mkubwa, akaenda naye kwa jamaa zake. Mimi mdogo nikachukuliwa na shangazi, nikaishia huku kwenye mvua. Dada akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, yote nayasikia kwa barua na baadaye kwa simu. Aliongea Kiswahili cha Unguja ya zamani, kizuri kuliko changu, kwa sababu hakuwa na wa kumharibia. Alikuwa na maradhi ya sukari. Kila siku sindano.

Siku moja Mheshimiwa akaniita ndani, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Kulikuwa na shirika dogo la misaada alilojuana nalo. Mapigano yalikuwa yasimame siku chache katika mji wa dada yangu, na shirika lilikuwa na gari la kuwatoa wagonjwa kwenda mpakani. Lilimtaka atoe majina ya watu wenye ndugu katika jimbo lake, na kwa kila mmoja aandike sababu. "Dada yako anaumwa?" akaniuliza.

Nilikuwa na jibu ndani ya mkoba wangu. Wiki mbili kabla, dada alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi mno hata naujua pumzi kwa pumzi. "Mdogo wangu, umeme hakuna, sindano zangu zimeharibika kwa joto. Mguu una kidonda na kimeanza kunuka. Wajukuu wanajitia hawasikii harufu, maskini. Nakwambia wewe tu, mama. Usinitangaze."

Nikamwambia Mheshimiwa, "Bora umuulize mwenyewe."

Tukapiga simu, tukaiweka mezani sote tusikie. Bahati mbaya ikashika mara ya kwanza. Nikamwamkia dada shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamwambia nipo na mkubwa wangu wa kazi, anataka kujua hali yako. Nikamsikia anajiweka sawa. Alikuwa kalala, kisha akakaa kitako, sauti ikabadilika ikawa sauti ya kupokelea wageni.

"Mwambie ahsante sana. Na yeye hajambo? Na watu wa kwake?"

"Muulize ana maji na dawa," alisema Mheshimiwa.

"Vyote vipo, alhamdulillah," dada akasema. "Sisi wazima. Mwambie asijisumbue, wapo wenye shida kuliko sisi, awatazame hao."

Nikatafsiri neno kwa neno, hapana nililolipunguza. Simu ikakatika. Mheshimiwa alikuwa ananitazama mimi, si karatasi yake.

"Yuko salama?"

"Ndivyo alivyosema."

"Sikukuuliza alivyosema."

Ningeweza kusema pale pale. Mlango umefungwa, hapana mtu wa tatu. Nilijiambia naihifadhi amana ya dada yangu, kaniambia nisimtangaze. Lakini nusu ya sababu ilikuwa mimi mwenyewe. Miaka yote ile aibu za watu zilipita juu ya meza yangu, mimi nimekaa upande wa pili, nadhifu, na kalamu. Sikutaka mguu wa dada yangu unaonuka uandikwe kwenye faili na Mheshimiwa aumwagie makombo ya mandazi. Basi nikamwambia, "Yuko salama."

Akatikisa kichwa kuafiki, akalichukua lile jina la dada akalikata kwa mstari.

Mwezi na siku kadhaa baadaye mpwa wangu akanipigia. Bomu halikuanguka nyumbani kwao hata moja. Kidonda kilimla mguu hadi juu, homa ikampanda, akaita jina la mama yetu, akafa. Ofisini nikasema dada kafariki, alikuwa mtu mzima, maradhi. Mheshimiwa akainuka, akaenda kunitengenezea chai kwa mkono wake, mara ya kwanza na ya mwisho, chai mbaya ajabu, maziwa yanaelea. Akaja kwenye hitima nyumbani kwangu. Akavua viatu, soksi ina tundu kidole kimetoka, akakaa chini kwenye mkeka na wanaume wenzake muda wote wa kisomo, magoti yanamuuma, na Bwana Haji akamsogezea mto. Kila aliyekuja alimsifu kwa kuja. Mimi nilikuwa jikoni napakua wali.

Akaendelea kusimama Bungeni. Nikaendelea kufungua barua. Lakini Ijumaa watu wakitoka sikumwambia tena wasichokisema, na yeye hakuniuliza. Nadhani alidhani ni msiba.

Alistaafu, na mimi nikastaafu mwaka ule ule. Miaka ikapita. Vita vingine vikazuka kwengine, nikawa naliona jina lake gazetini chini ya barua fupi za kutaka mapigano yasimame na raia walindwe, hazina sifa hata moja. Kisha hata barua zikakoma. Mkewe alikwisha kufa. Nikasikia mapafu yake yamechoka na anakaa kwa binti yake huko Hayes, upande wa uwanja wa ndege.

Nilikwenda mwaka jana mwezi wa Machi. Nilibadili treni mara mbili, kisha basi. Binti yake akanikaribisha, akatuacha sebuleni. Mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye kiti na mpira wa hewa puani, kakonda, na chumba kilikuwa cha moto kama tanuri. Kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu ya paa na ilibidi mtu anyamaze mpaka imalize. Tulizungumza habari za mtaa. Nikamwambia Bwana Haji kafa. Nikamwambia duka la miwani limekuwa duka la simu. Akauliza wanangu wana umri gani, na safari hii akangoja jibu.

Kisha nikamwambia. Sikupamba. Nani, wapi, lini. Nikamwambia habari za sindano na joto na mguu, na ule ujumbe, na kwamba alipokuwa ananiuliza ujumbe ulikuwa ndani ya mkoba wangu chini ya meza yake. Nikamwambia nilijua, na nilinyamaza kwa kuona haya.

Hakunikatiza. Ndege ikapita, ikaisha. Nilikuwa najua nilichokwenda kukitafuta. Nilitaka aniambie isingekuwa na tofauti, gari lilikuwa limejaa, njia zilifungwa, dada yangu asingefika. Mtu yeyote mwenye huruma angeniambia hivyo, hata kama ni uongo. Lakini kama nilitaka kudanganywa ningekwenda kwa mtu mwengine, na hilo nililijua tangu nashuka kwenye basi.

"Gari lile liliondoka na nafasi moja tupu," alisema. Alivuta pumzi, akaendelea. "Niliwaomba wasubiri saa moja zaidi, nikitafuta jina la kutia. Sikuwa nalo."

Nikamwambia, "Nisamehe."

Akasema, "Si mimi wa kuombwa."

Hakusema kwa ukali. Aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia watu wa Ijumaa, akasubiri kama nina jengine. Sikuwa nalo. Nikamuaga, nikamfunika blanketi magotini, akanishika mkono kidogo akauachia. Alikufa kabla ya kiangazi.

Pale sikulia. Nililia kwenye basi, mimi mtu mzima, mbele za watu, kwa sauti. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, simjui wala sijui wa wapi, akageuka akaniuliza kuna nini. Mdomo ulikwisha kutaka kusema hapana kitu, ahsante. Nikamwambia dada yangu kafa.

"Pole," akasema. "Kafa lini?"

Nikamwambia leo.